Kipimo cha Kumeza

Ndanda, chumba cha mwisho.
Nandonde kanipitishia mpira puani,
mwembamba kama utambi wa kibatari,
ncha yake ina kibofu
kinachojazwa hewa kwa bomba la sindano.
"Sasa meza."
Kijiko cha maji. Nameza.
Kiooni mstari unapanda kilima,
unashuka, unapanda,
halafu kule chini, mlangoni mwa tumbo,
ukuta umekaza.
Hauachii.

Miezi saba ming'oko inanikwama hapo.
Newala walisema nimerogwa.
Mawifi: anadeka huyo.
Mume wangu alinipima kwa jicho tu,
akaendelea kula.

"Meza tena, Somoe."
Sikumwambia vingine nilivyomeza:
mikorosho ya mama, iliyouzwa nikiwa jikoni,
na malipo ya pili ambayo hadi leo
yako njiani.
Mpira haupimi hayo.

"Arobaini na tano," anaandika.
"Isingezidi kumi na tano."
Nikacheka, pua inawasha,
mstari ukaruka kama panzi.
Kumbe nilikuwa na namba!

Nipe hiyo karatasi, Nandonde,
niifunge pindoni mwa kanga.
Newala sitabishana na mtu.
Nitaiweka mezani, katikati ya sahani,
nao wameze.