Msuli Hausukumi

Nilijifunza Mbeya, darasani, baridi ikipenya chini ya mlango,
kwamba msuli haujui kusukuma.
Unavuta tu.
Hata ukisukuma lori lililokwama tope la Igowole,
ndani yako kila kitu kinavuta.

Mwalimu akachora mkono ubaoni:
huu wa mbele ukikaza, wa nyuma hulegea;
wa nyuma ukikaza, wa mbele huachia.
Wenzangu wakanakili.
Mimi nikamwona baba.

Baba juu ya gogo, Nyaulingo ndani ya shimo,
msumeno kati yao, mrefu kunipita.
Huyu akivuta, yule anaachia.
Yule akivuta, huyu anaachia.
Unga wa mpaina ulimjaa Nyaulingo nyusi na ndevu
hata akatoka shimoni mzee wa mvi,
akajipangusa kwa kofia, akawa kijana tena.
Siku waliyogombana juu ya deni la debe la mahindi
kila mmoja alivuta kwa ukaidi wake
na ubao ukatoka umepinda.
Tunao mpaka leo. Ndio benchi la jikoni.

Chambua paja la mbuzi lililochemka likaiva:
nyama hutoka nyuzi nyuzi.
Shika uzi mmoja, uchambue; ndani mna nyuzi.
Nao uchambue, kama macho yangekubali,
utafika pale ambapo nene na nyembamba
zimelala zikipishana kama vidole vya anayesali.
Zile nene zina vichwa.
Amri ikishuka na neva, chokaa kidogo hufunguliwa,
vichwa hupata pa kushika:
vinashika, vinavuta, vinaachia,
vinashika tena hatua moja mbele,
maelfu kwa maelfu, bila mwimbishaji.
Uzi wenyewe haufupiki.
Kinachofupika ni umbali.

Haya yote baba aliyafanya kwa chai ya rangi na viazi vinne.
Asubuhi za Juni, umande umeganda juu ya majani ya chai,
alisimama uani akitetemeka, akicheka meno yakigongana.
Sasa najua: misuli yake ilikuwa kazini,
haibebi gogo, haipasui ubao,
inampikia joto tu.

Alifariki Julai, usiku wa manane.
Nilifika kwa basi, alasiri, ukungu haujaondoka.
Nyaulingo alikuwa chumbani na koti la harusi la baba,
lile la kahawia,
anajaribu kuupitisha mkono kwenye tundu la bega.
Mkono umekataa. Kiwiko kimekaza kama tawi.
"Kalinga," alimwambia taratibu, "niachie basi.
Lile debe nilishasamehe."

Nilijua nilichosomea.
Kushika si kazi. Vichwa vikishika vinaweza kubaki vimeshika.
Kuachia ndiko kunakotaka chakula,
na kwa baba chakula kilikuwa kimekwisha, hata cha kuachilia.
Nikasema: "Hakukatai, baba mdogo. Tumsubiri.
Kwa baridi hii, labda kesho jioni."
Hatalegea kwa kuachia;
atalegea kwa sababu nyuzi zenyewe zitaanza kukatika.
Hilo sikumwambia.

Akavuta kigoda, akakaa.
Usiku kucha nilimsikia akikohoa, akisogeza jiko la mkaa mbali na kitanda,
akimhesabia mbao: za Kibao, za Sawala,
zile za paa la shule ambazo hawakulipwa.
Mkono wa baba ulikuwa ndani ya mikono yake miwili,
sugu juu ya sugu.

Kesho yake, taa zikiwashwa, aliniita nishike koti.
Kiganja akakitanguliza tunduni.
Nyaulingo akavuta.
Baba akaachia.