Waya wa Tatu

Nyuma ya seva, chini ya feni mbili,
kuna tundu dogo lisilo na haraka.
Nimelichomekea waya wa manjano,
nikalitengea anwani yake, peke yake,
nikafuta nywila ya kiwandani
iliyobandikwa ubavuni kama bei ya sufuria.

Sasa mashine, hata ikizimika,
ina jicho moja lisilolala.
Nikiwa Ruai, blanketi hadi kidevuni,
nitaiuliza: joto lako digrii ngapi?
Nitaizima, nitaiwasha,
bila teksi ya saa nane usiku
kuja Barabara ya Enterprise
kubonyeza kitufe kimoja.

Nimejaribu kwa simu, nikiwa ngazini.
Feni zikanyamaza.
Nikahesabu hadi tisa.
Zikavuma.

Langoni, Makokha wa zamu ya usiku
alikuwa ameshanimiminia chai
kwenye kifuniko cha chupa.
"Kwa hiyo sitakufungulia tena?"
Nikasema nitakuja, diski zikifa.
"Hufa mara ngapi?"

Nikainywa polepole hadi ikapoa,
kitabu chake cha wageni kikiwa wazi,
jina langu
mstari kwa mstari.