Wati Elfu Mbili na Mia Mbili

Tulikwama nje ya Quartzsite, Arizona, mwezi wa saba,
mwezi ambao hata mijusi ina akili ya kuhama.
Beringi ya gurudumu la nyuma ilikuwa imesagika,
na mpya, alisema fundi, inatoka Phoenix kesho,
kesho ambayo tuliihesabu mara tano.

Nyumba yetu ni ya bati na ina magurudumu.
Saa saba mchana ukishika kitasa unaacha ngozi.
Harlan, mume wangu, alikaa kwenye kivuli chake chembamba
akipiga hesabu juu ya boksi la bia:
jenereta, wati elfu mbili na mia mbili;
kiyoyozi, elfu moja na mia tano.
"Inabaki chenji," akasema,
kwa sauti ile ile aliyonunulia shamba la Nebraska
lililogeuka kuwa kinamasi.

Akavuta kamba. Jenereta ikakohoa, ikashika.
Feni ya darini ikazunguka, tukaanza kushukuru.
Kisha kompresa ikataka kuamka,
ikaguna kama ng'ombe mwenye mimba akinyanyuka,
taa zikafifia,
kimya.

Mara ya pili, kimya.
Mara ya tatu Harlan akamtaja mwenye kiwanda
na mama wa mwenye kiwanda.

Mimi sikusomea umeme. Nilipika shuleni miaka thelathini na moja,
nikinyanyua masufuria ya watoto mia nne,
na najua hili: mzigo hauvunji mgongo njiani,
huuvunja pale unapojitwisha.
Kiyoyozi kikishatembea hakina makuu.
Ile hatua ya kwanza ndiyo inayodai mara tatu.

Basi nikaanza kuzima. Friji nikaihamishia kwenye gesi.
Hita ya maji, zima. Redio, zima.
Mswaki wa umeme wa Harlan, zima, atumie mkono.
Nikakiona kitufe cha kubana matumizi,
kinachoiacha jenereta isinzie mpaka iitwe;
nikakiondoa, iwe macho kabla ya kuombwa.
Kisha nikainama, nikaushika ule waya mrefu wa rangi ya chungwa
tulioupata kwa dola mbili kwenye mnada wa uani.
Ulikuwa na joto la mkono wa mtoto mwenye homa.
"Harlan," nikasema, "umeme unafia njiani."

Fundi akatuazima waya mnene, mfupi, mweusi.
Jenereta tukaigeuza, moshi wake uende jangwani.

Feni kwanza. Tukahesabu hadi sitini.
Haya, baridi.
Kompresa ikaguna,
mngurumo wa jenereta ukashuka, ukashuka,
Harlan akanishika kiwiko,
ukapanda.

Hewa ya kwanza ilinuka vumbi na soksi.
Mbwa wetu, Tater, akajilaza chini ya tundu
masikio yakipepea kama yuko dirishani barabara kuu.

Gesi iliyobaki ilikuwa ya friji,
kwa hiyo sheria ikawa moja: kiyoyozi au birika,
kamwe si vyote viwili.
Harlan bila baridi si mtu. Mimi bila kahawa si mtu.
Siku mbili sikuwa mtu,
na sikusema.

Usiku wa tatu nikaamshwa na kitu kilichopungua.
Jenereta ilikuwa ikinguruma bado, lakini kwa wepesi,
kama mtu aliyetua ndoo.
Nikadhani kompresa imekufa. Nikapapasa kitandani:
upande wa Harlan mtupu, shuka limelowa.

Saa kumi alfajiri. Madirisha yote wazi.
Alikuwa amesimama kwa kaptula mbele ya birika,
jasho likimtiririka mpaka kiunoni,
akilikemea kwa mnong'ono lichemke haraka.
Kikombe kimoja tu mezani,
changu, kile chenye ufa.

Nikafumba macho, nikajifanya nimelala,
nimpe nafasi ya kuniamsha.