Shimo la Februari, Engadini

Seraina anachimba mpaka kiunoni
kwa beleshi la kaka yake, lile lililookotwa Mei.
Anausoma ukuta wa theluji kwa kidole:
ya jana, laini kama sembe;
ya upepo wa Jumanne, inalia kama ubao;
chini kabisa ile ya Novemba,
sukari isiyoshikana, inamwagika kiganjani.

"Imelala," asema Gieri, anakaza viatu.
"Imelala juu ya nini?"

Makofi kumi ya kiganja juu ya beleshi: kimya.
La kwanza la kiwiko,
bamba zima linateleza,
pole pole, kama droo.

Gieri anautazama mteremko mweupe, hauna hata unyayo.
Seraina anafukia shimo.
Wanarudi kwa nyayo zao wenyewe,
mita hamsini kati yao, kama waliogombana.