Futi Kamba

Mimi ndiye niliyeandika ile barua.
Nianze hapo, usije ukadhani
nimekuja kusifu tu.

Nafanya kazi usiku, kiwanda cha kuku,
nje kidogo ya mji huu wa Nebraska
ambao ramani huutaja kwa herufi ndogo.
Saa moja na nusu asubuhi navua viatu.
Dakika kumi baadaye magari yanaanza:
la mama yake Anneke, mlango haushiki mpaka ubamizwe mara mbili;
la baba wa mapacha, asiyezima injini;
la bibi yake Wendell, anayeaga kwa honi,
na kuaga kwake hakuishi.
Kisha watoto wenyewe. Niliwahesabu kitandani,
macho nimefumba, kwa sauti:
sita, saba, na yule wa nane
anayelia kwa pumzi moja ndefu
kama birika lililosahaulika jikoni.

Basi nikaandika. Nikataja na kifungu.
Mji wetu umegawanywa kwa rangi,
ramani nimeiona mwenyewe ukutani kwa karani:
nyekundu maduka, kijivu viwanda,
na njano sisi wa makazi, tunaotakiwa
kulala, kuamka, na kukata nyasi.
Mtaa wetu ni njano tupu, kiini cha yai.
"Shule," niliuliza, "imeingiaje kwenye kiini?"

Akaja afisa wa mipango, kijana, Prokop jina lake.
Nilimchungulia kwenye pazia.
Wahenga walisema sheria ni msumeno.
Hawakuiona ya kwetu: ya kwetu ni futi kamba,
hunyooka, hujirudisha, hukuchapa kidole.
Akapima uzio: futi nne kasoro inchi mbili.
Akapima njia ya gari: mawili yanaenea,
la tatu kitako barabarani.
Akapima sebule, akaigawa kwa vichwa,
kila mtoto akapata kipande cha zulia
kisichofika upana wa kitanda changu.
Nyumba njema si mlango; akaingia hadi bafuni,
akatia mkono kwenye maji ya moto.

Kikao kilikuwa Jumanne, chini ya maktaba.
Watu tisa, kahawa imepoa.
Darla Havranek akasimama na koti lake la kanisani,
soksi ndogo moja imechungulia mfukoni.
Hakulia. Hakusema watoto ni malaika.
Alisoma tu nani anafanya kazi wapi.
Mama yake Anneke: hospitali, kufua mashuka.
Baba wa mapacha: barabara kuu, kumwaga lami.
Mama yake Wendell:
kiwanda cha kuku, zamu ya mchana, mstari wa tatu.

Mstari wa tatu ni wangu.
Kila saa moja nampisha pale pale,
kisu changu bado kina joto la kiganja,
na jina la mwanawe sijawahi kuuliza.

Walipoita wanaopinga, nilisimama.
Nilikuwa na kurasa mbili.
Nikasema, "Honi."
Mwenyekiti akangoja.
"Honi tu."

Kibali kikatoka na masharti yake:
wanane, wa kwake mwenyewe wakihesabiwa;
pasiwe na bango; msaidizi asitoke nje ya kaya;
uzio uongezwe inchi mbili;
wasicheze uani kabla ya saa nne.
Na kibali ni cha nyumba:
Darla akihama, hakimfuati.

Zile inchi mbili nilizipigilia mimi, Jumamosi.
Darla aliniletea msumari mmoja mmoja,
kama mtu asiyeniamini na pakiti nzima.

Siku hizi bibi yake Wendell hupunga mkono.
Mtaa kimya, njano kabisa, na mimi
macho kodo mpaka saa nne,
mlango wa uani ufunguke, nihesabu.

Leo saba.
Jana saba.
Birika halijalia siku mbili.
Kesho saa moja, nikimpisha mama yake pale mstarini,
nitamuuliza.