Shingo Upande

Nilikwenda shingo upande,
na neno hilo lichukueni kwa maana zake mbili:
sikutaka kwenda,
na shingo yenyewe haikuwa na upande mwengine.

Miezi minne nimeinamia kofia ya bwana harusi,
ya mkono, uzi wa hariri, rangi ya maziwa.
Jirani yangu Mwanashaame akasema, hicho kijicho.
Nikamwambia vijicho ninavyo mie, mia saba,
nimevitoboa mwenyewe kwa sindano.
Shemeji akasema upepo.
Mwanangu akasema mto.
Nikajisugua mafuta ya karafuu
hadi nikanuka kama gunia la magendo,
nikalala, nikaamka,
na msumari upo palepale, chini ya kisogo.

Spitali ya Wete, chumba cha mwisho,
kijana wa kike, Mkasi binti Faki.
Nikadhani atanikamata kichwa anizungushe kama kuku.
Hakunishika.
Akanipa kiti, akasema, "Bi Time, shona."
"Nishone nini?"
"Si umekuja na mkoba? Shona kama upo kwako."

Nikashona. Akazunguka nyuma yangu kimya,
kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuinunua.

Kisha akasema kichwa cha mtu kina uzito
wa pishi mbili za mchele,
na shingo ikiwa wima haioni tabu.
Ukikiinamisha, zile pishi mbili zinazaana,
zinakuwa nne, zinakuwa sita,
na misuli ya nyuma inazishikilia zote
toka asubuhi hadi adhuhuri
bila ya kupewa hata kikombe cha chai.
"Haijavunjika," akasema. "Imechoka."

Mie siku zote nikiibeba kama yai.
Yeye akataka itembee.
"Rudisha kidevu nyuma, polepole,
kama ulienusishwa samaki wa juzi."
Nikacheka, na kucheka kukauma.
"Mabega yashushe. Yanafanya nini masikioni?
Tazama kulia, mpaka panapokaza, usivuke.
Pumua. Rudi. Sasa kushoto."

Kushoto.
Hapo ndipo nilipomwambia nisilomwambia mtu:
kwamba tangu mfungo mosi
salamu ya kulia naitoa kwa shingo,
ya kushoto naitoa kwa macho.
Hakusema kitu. Akaandika.

Nyumbani nimeweka mto mapajani,
kofia imepanda, kichwa kimepunguziwa safari.
Kila nikimaliza safu nanyanyuka,
namnusa samaki wa juzi mara kumi.
Wajukuu wananiigiza barazani.
Jioni, kitambaa na maji ya moto.

Maumivu hayakutoka kwa siku moja.
Yalitoka kama mgeni wa Kipemba:
akaaga, akakaa,
akaaga tena mlangoni, akakumbuka habari moja,
na usiku mwengine akarudi
kuchukua kandambili zake.

Bwana harusi anapiga simu.
Bado, namwambia. Zimebaki safu tatu,
na mimi shingo ni moja.

Jana, alasiri, nikatoa salamu kulia,
kisha kushoto,
na shingo ikaenda, ikaenda,
ikalifikia bega.
Huko nikaiona kalenda ya mwaka juzi
bado inaning'inia ukutani.
Nikamaliza uradi,
nikaitoa, pamoja na msumari wake.