Mkojo wa Mchuuzi wa Maji

Tsuma wa Mwembelegeza amenipa kikopo.
Nakiinua dirishani, hapa maabara ya Kisauni:
rangi ya chai iliyosahaulika jikoni.
Tangu alfajiri amesukuma mitungi arubaini
kwa mkokoteni wenye gurudumu linalolia kama paka,
na mwenyewe hajanywa hata funda.
"Maji ni ya kuuza, dada. Nikinywa nakula mtaji."

Namwambia: figo zako nazo zina mtaji, Tsuma.
Mna mirija humo, kwa malaki, myembamba kuliko uzi wa kofia.
Damu huchujwa mlangoni, yakapita maji,
sukari, chumvi, taka, vyote vikichanganyika;
kisha mrija huokota vilivyo vyake
kama mtu achaguaye mchele.

Halafu unapinda, kama kibanio cha nywele.
Ukishuka, maji yanatoroka.
Ukipanda, hautoi tone;
unatupa chumvi tu, unatupa, unatupa,
hadi kilindi cha figo kinakolea
kushinda kisima cha mtaani kwenu,
kile kinachokataa povu la sabuni.

Anacheka. "Chumvi? Si ndiyo adui yetu?"
Kweli, kisiwa kimezungukwa nayo,
na mifereji leo siku ya nne inakohoa hewa.
Lakini adui ukijua pa kumweka
atakulindia mlango.

Maana mkojo, kabla haujatoka,
hushushwa tena, mrija wa mwisho
ukipenya katikati ya chumvi ile ile.
Ubongo umekwisha kuonja ukavu wa damu,
umetuma homoni, barua isiyo na bahasha:
fungueni vijilango.
Vinafunguka. Chumvi inaita,
maji yanaitika, yanarudi mwilini.
Kinachobaki ndicho hiki:
taka ya siku nzima ndani ya maji ya kifuu.

"Basi zinaniwekea akiba," anasema,
na uso wake unang'aa kama wa mtu aliyepata kisingizio.

Zinaokoa, Tsuma. Haziumbi.

Ananyamaza. Anachukua karatasi yake, anatoka.
Dirishani namwona kando ya mkokoteni
akifungua mtungi mmoja, akiinama,
akitazama kulia, kushoto,
kama mwizi,
kabla ya kukinga kiganja.